Malalamiko Dhidi ya Sanamu Yenu ya Pili Kutoka Mlangoni

Kwa Meneja,
Duka la Nguo za Kike,
Mkabala na jengo jipya la ofisi.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: VIPIMO VYA UONGO VYA SANAMU YENU YA DIRISHANI

Pokea salamu za mtu usiyemfahamu, ingawa mfanyakazi wako mmoja namfahamu kuliko nilivyokusudia. Mimi ni seremala. Kazi yangu ni milango na madirisha, na kwa mwezi mmoja sasa nimekuwa nikifunga milango katika lile jengo linalotazamana na duka lako. Sina ugomvi na duka, wala sina ugomvi na nguo. Ugomvi wangu ni na sanamu, ile ya pili kutoka mlangoni, yenye mwili wa mama mtu mzima, iliyovaa gauni la buluu na kushika kiuno kwa mkono wa kushoto.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, naomba nikueleze nilikotoka. Jumamosi ya wiki ya pili kutoka sasa tunamwoza binti yetu wa pekee. Mama yake ni fundi cherehani. Amekaa sebuleni kwetu miaka ishirini na sita akiwashonea wanawake wa mtaa mzima, na kila sherehe inapofika yeye hutoka na gauni lile lile la kijani, kwa sababu nguo za wateja huisha dakika ya mwisho na ya kwake huwa haijakatwa hata kitambaa. Mara hii nilisema hapana. Nilitaka mama watoto asimame kando yangu mbele ya watu akiwa na gauni jipya ambalo hakulishona kwa mikono yake. Tena nilitaka limfikie ghafla. Sasa niambie, Meneja, utampimaje fundi cherehani bila mwenyewe kujua? Ukimgusa bega tu anakuuliza unataka mkono mrefu au mfupi.

Hapo ndipo sanamu yako iliponiingia akilini. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye bawaba, niliiona ng'ambo ya barabara. Ilisimama vile vile anavyosimama mama watoto akinisubiri nimalize kueleza kwa nini nimechelewa. Nikasema basi, Mungu amenirahisishia kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sanamu haina maelezo yoyote. Nilichuchumaa nikaikagua mpaka chini ya nyayo, nikakuta namba ya kiwanda tu. Hata mimi nikitengeneza mlango huwa naandika upana na kimo kwa penseli pembeni, ili mteja asije akanilaumu. Kiumbe kinachosimama dirishani mchana kutwa kama mfano kwa wanawake kilipaswa kutangaza kifua, kiuno na nyonga yake. Kwa kuwa hamkufanya hivyo, ilinibidi niutafute ukweli mwenyewe.

2. Kuutafuta ukweli kulinigharimu heshima. Mtu wa vipimo haanzi na kifaa. Anaanza na jicho, kisha mkono. Kwa hiyo niliikumbatia sanamu. Niliikumbatia mara moja tu, kikazi, nikiwa nimefumba macho ili uso wake usinipotoshe, na mikono yangu ikakutana mgongoni pale pale inapokutana nikimkumbatia mama watoto. Nilifurahi sana. Mlinzi wako hakufurahi. Aliniuliza, "Mzee, vipi tena?" nami nikamjibu kwamba nampima mke wangu, jibu ambalo lilikuwa la kweli lakini halikumsaidia kitu.

Nikaendelea. Kimo nilikipima kwa futi yangu ya chuma, kutoka begani mpaka kifundo cha mguu, inchi hamsini na mbili. Nilipotaka kuizungusha kiunoni, futi ya chuma ilikataa kupinda, ikajirudisha kwa kishindo na kuondoka na wigi. Wigi niliirudisha. Kesho yake nikaja na tepu laini ya mama watoto, niliyoichukua kwenye droo ya cherehani wakati yeye ameenda sokoni. Hiyo ilizunguka bila ubishi. Kifua inchi arobaini na nne, kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na nane. Tangu nianze useremala sijawahi kukosea hata tundu la kitasa, kwa hiyo naomba namba hizi tusizijadili.

3. Mkono wa kulia wa sanamu ulitoka. Sikuuvuta. Niliurudisha kwa skrubu yangu mwenyewe ya inchi moja na nusu, na sasa ni imara kuliko ule wa kushoto. Hili si lalamiko hasa, lakini nimeona lipewe namba yake.

4. Mgongoni, gauni la buluu limebanwa kwa vibanio saba vya kuanikia nguo. Mtu akitazama kutoka barabarani anaona mwanamke aliyependeza. Akizunguka nyuma anaona kamba ya nguo. Nilipomwuliza binti wa kaunta, alisema, "Baba, ya dirishani ni ya kuangalia tu, hatuuzi." Nikampa vipimo vyangu, nilivyokuwa nimeviandika kwenye kipande cha plaiwudi. Akavisoma, akaniangalia, akavisoma tena. "Una uhakika, baba?" Nikamwambia mimi ni seremala. Akaingia stoo na kutoka na gauni la zambarau, zuri kwa kweli, lenye vifungo vidogo mpaka chini. Napenda ifahamike kwamba binti huyo simlaumu kwa lolote. Ndiye peke yake aliyeniuliza swali la maana.

5. Sasa njoo nyumbani. Mama watoto alifungua mfuko, akashika kitambaa, akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona muda mrefu. Akaingia chumbani akavaa. Urefu ulikuwa sawasawa kabisa, pindo limetua kwenye kifundo kama nilivyopanga. Upana ndio ulionimaliza. Gauni lilimzunguka na bado likabaki na nafasi ya mgeni. Hapa uongo wa sanamu yenu unathibitika bila shaka yoyote: kwenda juu ni mkweli, kwenda pembeni ni mwongo.

Mama watoto alisimama mbele ya kioo, akakusanya kitambaa kilichozidi, huku na huku, akakishika kwa mikono miwili. Ningependa kukwambia alikasirika, ningejua la kufanya. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe hivi ndivyo unavyoniona?" Nikaruka haraka nikasema hapana, hapana, hivyo vipimo si vyako. Meneja, mimi ni mtu wa mbao, sikuliona shimo mpaka nilipokuwa ndani yake. Akauliza, "Ni vya nani?"

Nilimweleza ukweli, kwamba ni vya sanamu. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kichwa chini. Nikamshauri alipunguze, kwani fundi ni yeye. Akalivua, akalikunja vizuri sana, akasema sindano yake haigusi nguo ya mwanamke mwingine, nimpelekee huyo niliyempimia.

6. Mambo yangeweza kupoa, lakini kesho yake alikuja mteja wake mmoja, anayefuatilia sketi yake tangu mwezi uliopita. Sketi haikuwa tayari, basi akaona asiondoke mikono mitupu. Akamweleza mke wangu kwamba aliniona kwa macho yake mawili, dukani kwenu, nimemkumbatia mwanamke wa gauni la buluu, tena nimefumba macho. Akaongeza kwamba mwanamke mwenyewe hakuonekana kupinga. Ni kweli hakupinga.

Tangu siku hiyo nawekewa chakula bila neno. Mama watoto ametangaza kwamba harusini atavaa la kijani, atakaa nyuma na wapishi, na mimi nisimame mbele peke yangu, au na huyo wa buluu, nichague. Binti yetu amelia. Mimi pia nimelia, ila nilikuwa karakana, ambako mtu anaweza kusingizia vumbi la mbao. Miaka ishirini na sita, Meneja, sijawahi kumwangalia mwanamke mwingine, na wa kwanza kunisababishia kesi hana hata vidole vinavyofunguka.

Kutokana na hayo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Sanamu ipimwe upya na wakaguzi wa mizani na vipimo, mbele yangu, na majibu yabandikwe dirishani kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

(b) Ivalishwe kibao shingoni chenye vipimo vyake vya kweli. Kibao nitakitengeneza mimi, nitakipiga msasa na vanishi, nisionekane mtu wa kulalamika tu.

(c) Iletwe nyumbani kwangu Jumapili hii saa nne asubuhi, ikiwa na gauni lile lile la buluu na vibanio vyote saba, ikisindikizwa na wewe mwenyewe pamoja na mlinzi, ambaye ni shahidi. Itasimama sebuleni kando ya cherehani. Yule mteja wa sketi ataitwa aitambue. Kisha nitaikumbatia tena kwa namna ile ile, mbele ya mke wangu, binti yangu na wakwe zetu watarajiwa, ambao habari imeshawafikia, ili wote washuhudie kwamba haina joto.

(d) Ikiwa baada ya hapo mama watoto bado atakuwa na shaka, sanamu ialikwe harusini. Ipewe kiti safu ya mbele, upande ule ambao mimi sitakaa, ili watu wote waone kwamba hatuzungumzi. Usafiri wake nitaushughulikia, mkokoteni ninao.

(e) Mniandikie barua yenye muhuri inayosema kwamba mwenye makosa ni sanamu na si macho yangu. Nikiikosa hiyo (d), nitaridhika na hii. Nikiikosa hii, sijui nitasimamaje mbele ya watu siku ya kumkabidhi mwanangu huku mama yake amejificha jikoni kwa ajili yangu.

Naamini utalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie mlinzi, mwambie sina kinyongo. Msalimie binti wa kaunta, wasalimie mafundi wa stoo, na ile sanamu nyembamba ya kwanza mlangoni ambayo sikuigusa kabisa na niko tayari kuapa. Mke wangu angewasalimu pia, lakini kwa sasa salamu zake anazitunza.

Wako katika kutafuta haki,

Seremala wa milango na madirisha,
baba wa bibi harusi.

Nyongeza: Barua hii niliiacha kwenye benchi la kazi nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi nikamkuta mama watoto amesimama karakana, mahali ambapo haji kwa sababu ya vumbi, anaisoma. Aliisoma yote. Alipomaliza alirudi kwenye lalamiko la pili, akaweka kidole, akauliza, "Tepu ipi?"

Nikamwonyesha. Alikaa juu ya gogo akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na mimi nikasimama pale nisijue kama nimesamehewa au nimezidi kuharibu. Tepu hiyo, Meneja, haina inchi nne za mwanzo. Inaanzia namba nne. Binti yetu alizikata kwa mkasi akiwa na miaka mitatu, amtengenezee mwanasesere wake mkanda, na mama yake hakuwahi kununua nyingine. Kila anayempima, anatoa nne. Mtaa mzima unajua. Hata yule wa sketi anajua. Tepu imekaa miaka ishirini na miwili kwenye droo, hatua sita kutoka kitanda changu, na asiyejua ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo sanamu yenu ni mkweli pande zote. Ukitoa nne kila mahali tepu ilipozunguka, unampata mama watoto bila kuzidi wala kupungua, na mikono yangu haikukosea. Naomba ufute malalamiko yote, isipokuwa la vibanio, ambalo mke wangu pia ameliunga mkono. Maombi yote pia yafutwe. Nisalimie sanamu.

Gauni halirudi. Atalipunguza mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba nilitaka nguo ambayo hakuishona, akasema kupunguza si kushona. Ila kabla ya kukata alitaka apimwe, na mtu hawezi kujipima mgongo. Akanipa tepu. Nikamwambia asimame wima, ainue mikono. Aliinua, akabaki anahangaika na macho, akasema hajui fundi akikupima unatazama wapi, maana hajawahi kupimwa na mtu.

Nikamwambia anitazame mimi. Kiuno ni inchi thelathini na nne. Nilipima mara tatu, ingawa namba haikubadilika.