Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Karafuu kwa Meno Yanayong'olewa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mshauri wa Makamu wake, daktari wetu wa meno, wauguzi wa zamu ya leo, wauguzi wa zamu ya jana mliozuiwa kwenda nyumbani, wagonjwa mliovimba shavu la kulia, wagonjwa mliovimba la kushoto, mama mkwe wangu, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Wenye mashavu hawapigi, mikono ina kazi.)

Nimeombwa niwe mfupi, na ufupi wangu nimeuandika kwenye kurasa kumi na tisa. (Vicheko koridoni. Mguno mrefu kutoka ndani.) Mguno huo ni wa mama fundi cherehani, mgonjwa wetu wa mfano, mnayemwona pale ndani kwenye kiti, mdomo wazi, mfuko wake wa ushonaji mapajani, ambaye ameshadungwa sindano ya ganzi tangu saa tatu, na ambaye gego lake litang'olewa mara tu nitakapoukata utepe huu uliozuia mlango, kwa kuwa protokali hairuhusu daktari kuuvuka kabla ya mgeni rasmi. (Daktari: "Mheshimiwa, ganzi haikai siku nzima.") Hoja yako imepokelewa, daktari, na itafanyiwa kazi.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi mtu wetu aking'olewa jino anarudi nyumbani na pamba mdomoni na machozi mashavuni, ilhali bibi zetu walijua karafuu, walijua tangawizi, walijua kusukutua maji ya chumvi. Ndipo ofisi yangu, kwa kushirikiana na ofisi yangu nyingine, ikafanya upembuzi yakinifu, semina elekezi nne, na warsha ya kutathmini semina, ikabaini kwamba watu tisini na sita katika kila mia huumwa na jino pale linapouma. Wanne waliobaki hawakurudisha fomu. (Makofi. "Jembe letu!")

Mradi huu utakuwa na Kitengo cha Karafuu Kabla ya Kung'oa, Kitengo cha Karafuu Wakati wa Kung'oa, na idara nzima ya Baada ya Hapo, yenye bustani, kinu cha kisasa na mkurugenzi wa mchi. (Mama fundi, ulimi mzito: "Jamani, limeanza kuuma!") Mnamsikia anavyoshangilia? (Mama mkwe: "Hashangilii, mwanangu, analia.") Mama, shikamoo tena, lakini kulia nako ni ushirikishwaji wa wadau. Mvumilivu hula mbivu! (Sauti ya nyuma: "Kwa meno yapi?" Watu wanashikana mabega kwa kicheko.)

Kaulimbiu sasa! Karafuu! (Oyee!) Tangawizi! (Oyee!) Maumivu! (Oyee!) Hapana, hapo semeni zii. Maumivu! (Oyee!) Basi, tuendelee.

Nawashukuru nyote. Namshukuru mchoraji aliyeandika KITENGO CHA KARAFUU kwenye mlango wa stoo ya ndoo, ambao naomba usifunguliwe. Nashukuru kwa bustani, ile picha ukutani. Na kipekee namshukuru mama fundi kwa kutuazima karafuu tatu alizojiletea kwenye leso, za kujituliza baada ya kung'olewa, ambazo asubuhi hii zilipambwa kwenye sahani hii hapa mbele yangu, na ambazo ndizo mradi wote kama ulivyo hadi sasa. (Mama fundi: "Basi nipe, baba, ganzi imekwisha!")

Ningekupa, mama, haki ya nani. Lakini na mimi nina gego, nalo limeniamsha alfajiri, na kurasa kumi na tisa hazisomeki hivihivi. Karafuu ya kwanza niliitafuna kwenye itifaki, ya pili kwenye takwimu, na ya tatu hii hapa shavuni. Na jino limetulia tuli! Mradi umefaulu asilimia mia moja! (Makofi yanaanza, yanakufa.) Sasa naomba mkasi, niukate utepe. Kamati, mkasi uko wapi? Hamkuleta mkasi?

(Mfuko wa ushonaji unafunguliwa ndani. Krachu! Utepe unaanguka. Mama fundi anatoa mkono, anamvuta daktari kwa koti, na mlango unafungwa kwa kishindo. Vigelegele korido nzima.)

Naam. Mradi umezinduliwa.