Njoki na Gemu Iliyopewa Jina la Wenyewe

Sogeeni, enyi watu wa Nyeri! Nanyi wa Karatina, tueni magunia ya viazi. Na wewe uliyeketi nyuma na simu sikioni, ikate, maana sisimulii mara mbili. Nawaletea habari za vita vikuu vilivyopiganwa jikoni baina ya binti na mamaye kwa ajili ya jina, na asiyetaka kusikia akatafute udaku kwingine.

Alikuwako Njoki binti Wakonyo, Njoki wa Vidole Vyepesi, aliyeacha ualimu akajifungia katika chumba kilichoko juu ya duka la mbolea mjini Nyeri, akaunda kwa mikono yake mwenyewe gemu ya kompyuta. Ndani yake mwanamke mchuuzi husukuma mkokoteni wa kabeji katika soko la Karatina, akipigana na matope, mbuzi na makanjo, wale askari wa kaunti wanaowafukuza wachuuzi, apate kuuza kabla kabeji hazijaoza. Na mamaye, huyo Wakonyo, alikuwa ameshatamka neno zito: gemu isiponunuliwa, Njoki ataenda Kangari kumsimamia mjomba wake wachumaji wa majani chai. Basi Njoki aliiogopa Kangari kuliko simba.

Gemu ikaitwa Shujaa wa Mlima. Lo, jina la kujaza mdomo! Wakonyo akaipeleka kanisani, kompyuta pamoja na chaja yake, ikaombewa kwa jina hilo mbele ya waumini wote. Ikabaki tu kuiweka dukani mtandaoni siku ya Ijumaa.

Jumatano akapanda ngazi Rehana, wakili, rafiki wa Njoki tangu shule, Rehana Mwenye Miwani, Ngao ya Wanyonge. Hata kuketi hakuketi.

“Njoki, hiyo jina iko na wenyewe! Kuna kampuni Nairobi imesajili Shujaa wa Mlima kama alama yake ya biashara, na wao pia wanauza gemu. Ukiiweka Ijumaa, watalalamika na duka litaitoa. Jasho yako yote, kwaheri.”

“Nikiita Shujaa Mpya wa Mlima?”

“Ongeza Mpya, ongeza Mkubwa, ongeza Mtukufu! Mnunuzi akiweza kuchanganya yako na yao, umeisha.”

“Basi Gemu ya Kabeji.”

“Hiyo inasema tu ni kitu gani. Kesho mtu mwingine ataita yake hivyo hivyo, na hutaweza kumzuia.”

Shujaa wetu akaiona Kangari ikimjia mbio. Mnacheka nini? Nyinyi mngelia! Lakini yeye alijifunga kibwebwe, akaikumbatia kompyuta, wakashuka wote wawili hadi nyumbani kwa Wakonyo, wakamkuta amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, Wakonyo Asiyerudi Nyuma. Akaelezwa habari yote.

“Ati kubadilisha?” akanguruma. “Hiyo jina imeombewa! Pasta ameweka mkono kwa kompyuta mpaka ikapata moto! Nitaambia nini akina mama wa kikundi? Ati tuliombea mtoto wa wenyewe? Hapana! Hao watu wa Nairobi ndio wabadilishe yao!”

Hoja zikarushwa, sufuria zikatetemeka, kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia. Njoki alisihi, Wakonyo alikataa. Hapo Rehana, aliyezaliwa Nyeri na kuzijua mila za majirani, akainua kidole.

“Mama Njoki, msichana akizaliwa na binti ambaye hajaolewa, kwenu anaitwa nani?”

“Si anaitwa nyanya yake, mama ya mama yake. Hiyo kila mtu anajua.”

“Na hii gemu, baba yake ni nani?”

Chai ikafurika, wala hakuna aliyeipunguzia moto. Wakonyo, ambaye kila Krismasi humsumbua bintiye amzalie wa kuitwa jina lake, aliitazama kompyuta, akamtazama Njoki, akaketi polepole.

“Kwani… ni mimi?”

“Ni wewe, Mami. Wakonyo wa Kabeji.”

Mama wa watu akalia machozi ya furaha. Kisha mwiko ukainuka tena.

“Basi huyo mama avae kitambaa kwa kichwa. Na aache kuanguka kwa matope, mimi siangukangi!”

“Asipoanguka hakuna gemu, Mami.”

“Haya, aanguke. Lakini ainuke haraka. Na Jumapili tutamwombea upya.”

Alhamisi Rehana akapekua sajili ya alama za biashara, akapekua na maduka ya gemu, asione popote Wakonyo wa Kabeji wala jina la kufanana nalo. Ijumaa gemu ikaingia dukani, na jioni ilikuwa ingali pale, ikinunuliwa na watu wasioijua hata Karatina. Andikeni, enyi waandishi wa tarehe! Wako waliopindua falme, lakini ni nani mwingine aliyewahi kumgeuza Wakonyo kauli?

Ndipo mlango wa chumba cha Njoki ukafunguka bila hodi. Wakonyo akaingia na bakuli la njahi, chakula cha mama aliyetoka kujifungua, akamfunika bintiye shuka mabegani na kumkataza kuinuka kitini.

“Kula, mwanangu,” akasema. “Umenizaa.”