Mluzi Niliomfundisha Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema kupita zote! Daktari wa ndege, bosi wetu wa maabara, ametangaza kwamba mwisho wa mwezi wanakuja wageni wakubwa, na siku hiyohiyo atachagua msimamizi wa chumba cha ndege. Tupo wawili tu, mimi na Kidevu. Kidevu hutandika magazeti kwenye matundu kama anatandika kitanda cha bibi harusi. Nani atampa cheo mtu wa hivyo? Mke wangu nimeshamwambia ni changu. Keshampigia simu mama yake.

Daktari akaeleza na kazi yenyewe. Kinda dume hujifunza kuimba kwa kumsikiliza baba yake. Anaposikiliza, ubongo wake hujitengenezea homoni iitwayo estrojeni palepale penye sehemu ya kusikia, na wimbo unanasa. Ajabu! Akaendelea na habari za pete za miguuni, nyekundu na buluu. Hapo sikumfuata. Mpango ulikuwa umeshanijia.

Jumanne, 4 Machi
Makinda wetu wanawekewa wimbo wa baba kwenye spika. Wimbo gani! Mlango uliokosa grisi. Kinda wangu atapiga mluzi niliomtongozea mke wangu. Wageni watapagawa! Daktari amekataza mtu yeyote kuimba au kupiga mluzi mle ndani, lakini hilo ni katazo la wasio na kipaji.

Nimemchagua mwenye pete nyekundu. Nikipiga mluzi, ananikazia macho, kichwa upande. Mwanafunzi huyo! Tundu la pili ni la yule wa pete ya buluu, ndege wa Kidevu. Kazi yake kula. Nimempa mgongo.

Ijumaa, 14 Machi
Kidevu akienda kunywa chai, mimi kazini. Vumbi la manyoya linanitesa, kila nikimaliza mluzi lazima chafya tatu. Mwekundu bado hajatoa kitu, ila homoni inachemka. Naiona machoni pake.

Kidevu kaniuliza mbona midomo imenipasuka. Nikamwambia ni baridi. Akatazama feni, akanitazama mimi.

Jumanne, 25 Machi
Mwekundu katoa sauti ndefu! Haifanani na mluzi wangu. Inafanana na kiti kinachoburutwa. Lakini ndefu!

Mke wangu anasema mama yake ameshatangazia mtaa mzima, nikikosa cheo asinione mlangoni kwake. Nimemwambia atulie. Mimi chini ya Kidevu? Heri nihamishwe chumba!

Ijumaa, 28 Machi
Wageni wamekuja. Nikasimama kando ya Mwekundu, kifua mbele. Daktari akamwonyesha kwa kidole. Huyu, akasema, amepewa dawa ya kuzima ile homoni ubongoni. Anasikia vizuri tu, ila wimbo haunasi.

Siku zote hizo nampigia mluzi gogo!

Mara nyuma yangu mluzi ukaanza. Wangu! Wote! Ni Buluu, yule mlaji! Wageni wakapiga makofi. Daktari, macho yamemtoka, akamuuliza Kidevu ndege wake kautoa wapi wimbo huo, maana kwenye spika haumo. Kidevu akaapa hajui. Nikataka kupayuka kwamba mwalimu ni mimi. Nikakumbuka katazo. Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, Kidevu anapanda! Nikafumba mdomo.

Buluu akafika mwisho wa mluzi, akaongeza visauti vitatu vikavu. Chi! Chi! Chi! Watu wakashangaa ni nini hicho. Vumbi likaniingia puani. Nilijibana mpaka machozi yakanitoka, wapi! Nikapiga chafya. Tatu. Buluu akaitikia. Tatu.

Kila mtu kanigeukia. Daktari akasema kwamba Mwekundu amemzimia homoni yeye mwenyewe. Akaniuliza, je, mimi yangu imezimwa na nani?

Msimamizi ni Kidevu.

Jumatatu, 31 Machi
Nimehamishiwa chumba cha panya. Jana nilirudi nyumbani napiga mluzi wetu wa zamani ili kumlainisha mke wangu. Akafunga dirisha. Roho iliniuma sana.

Lakini leo! Daktari wa panya ametueleza kwamba panya dume naye humwimbia jike, kwa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Haliipati! Sasa nani atanikamata? Akaendelea na habari za rangi walizopakwa mikiani, nyekundu na kijani. Hapo sikumfuata. Nilikuwa nimeshachagua mwanafunzi.

Ana mkia mwekundu. Masikio makubwa hayo!