Vichwa vya Mishale kwa Sauti ya Colette

Jumamosi, 21 Februari 2026

Mwaka mumoja kasoro siku saba tangu Colette, mke wangu, atuache. Chai haina ladha. Nchelenge nzima imenyamaza. Ziwa limefungwa tangu Desemba, hakuna ruhusa ya kuvua, na watu wanakaa mbele ya milango yao wakishona nyavu.

Kutoa matanga ni Jumamosi ijayo. Tutasimika musalaba kwenye kaburi, na kwaya itaimba wimbo wangu. Niliahidi siku ya maziko, mbele ya watu wote, mukono juu ya sanduku: nitamuandikia bibi yangu wimbo. Siku haiwezi kusogezwa. Usiku wa Jumamosi ile ziwa linafunguliwa, na Jumapili waimbaji wote wanaondoka kwenda kwenye kambi za Chisenga na Kilwa. Hawatakusanyika tena mpaka Desemba. Kwa hiyo siku saba. Basi.

Wimbo umekwisha. Karibu. Noti zote zimo kwenye kompyuta. Imebaki kitu kimoja, ule mwito wake. Colette alikuwa ananunua chisense, dagaa wa ziwa letu, ufukoni, na mitumbwi ikionekana tu, aliita. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikapinda, halafu ikashuka na kutua mahali ambapo hakuna mutu aliyeitegemea. Wavuvi waligeuza mitumbwi, wakaenda kwake, wakaacha wanunuzi wengine midomo wazi. Sauti ile nimeichora: mustari uliopinda, kutoka kwa alto mpaka soprano, halafu chini. Mustari ni muzuri sana. Lakini hauna kichwa! Bila kichwa cha mushale, mwimbaji atajuaje sauti inaelekea wapi? Nimetafuta kwenye programu siku nzima. Mistari iliyonyooka inakubali kichwa. Iliyopinda inakataa. Mutu gani mwenye roho mbaya alitengeneza programu hii?

Jioni Mama Beauty alileta unga. Ni mama mudogo wa Colette, ndiye aliyemulea. Aliuliza wimbo uko wapi. Nikamuonyesha mustari. Akautazama kwa muda murefu. Akasema mwito ule yeye ndiye alimufundisha Colette, ngoja aniimbie. Akaanza. Nikasema naenda kutazama betri ya sola. Nilikaa na betri mpaka nikasikia ameondoka.

Jumapili, 22 Februari

Kingsley! Ata siku ya Mungu hanipi nafasi.

Anaongoza kwaya ya pili; mimi ni mwalimu wa ile ya kwanza. Anaandika do-re-mi kwa herufi, kwa kalamu nene, kwenye karatasi ya kaki, anabandika ukutani. Elimu yake inaishia hapo. Colette aliimba kwake kabla sijamuoa, na huyu bwana anahakikisha sisahau. Leo baada ya ibada alinishika mukono, akasema pole mukwai, pole bwana, kama wimbo wako hautakuwa tayari, mimi niko. Anajifanya malaika. Nikamujibu kwamba waimbaji wangu watasoma noti za kweli, zilizochapwa, zenye mishale. Akauliza mishale ya nini. Nikamuambia angoje tu, ataona.

Ukweli niuandike hapa, maana hakuna anayesoma. Waimbaji wangu ni kumi na wanne na hakuna ata mumoja anayejua noti. Lakini mushale kila mutu anauelewa. Hapo ndipo akili yangu inapowapita wengine.

Jumatatu, 23 Februari

Hila ya kwanza. Nimechukua ile alama ya kibodi yenye ncha, nikaibandika mwisho wa mustari. Mustari unashuka, kichwa kinatazama pembeni, kama bwana anayetembea na bibi yake huku macho yako kwa jirani. Nimefuta.

Saa tisa waimbaji walikuja uwanjani kwa kanisa, mbele ya dirisha langu, kufanya mazoezi. Kila mumoja na wavu wake. Niliwaambia karatasi haziko tayari, warudi nyumbani. Hawakurudi. Walikaa chini wakaendelea kushona, na Mama Beauty katikati yao. Kingsley pia alikuwa hapo, ameshika ncha ya kamba. Ana kazi gani na nyavu za watu wangu? Nikasikia Mama Beauty ameanza kuimba kitu polepole. Nikafunga dirisha.

Jumanne, 24 Februari

Nimeshinda! Niliamua hivi: nachukua mustari ulionyooka wenye kichwa, naufupisha, naufupisha, mpaka mwili wote unapotea, kinabaki kichwa peke yake. Nakizungusha. Nakiweka mwisho wa mustari uliopinda. Kikakaa! Kipimo cha kumi na mbili cha noti, pale sauti inapotua, kikakaa kabisa kabisa. Mpaka saa kumi nilikuwa na vichwa kumi na vinne, kimoja kwa kila kipimo cha mwito. Nilicheza peke yangu ndani ya nyumba. Halafu nikasimama, kwa sababu nilitaka kumuonyesha mutu, na mutu mwenyewe hayuko.

Ningeacha hapo.

Lakini nilitazama juu ya ukurasa, nikaona jina langu limeandikwa kwa herufi kama chawa. Mutungaji: Fabien. Nikalikuza. Kidogo tu. Mawe, mama yangu! Ukurasa muzima ulisogea. Mistari ilikimbia na noti zake, vichwa vikabaki nyuma. Vitatu vilienda pembeni, vinaelekeza ziwani. Vingine viliangukia kwa besi. Kimoja kilichoma jina la Colette katikati. Nilijaribu kurudisha, betri ikafa. Na nilikuwa nimekwisha kuhifadhi, mimi mwenye kuhifadhi kila kitu!

Jumatano, 25 Februari

Mvua. Mutu hawezi kutofautisha ziwa na mbingu. Hakuna jua, hakuna sola, hakuna kompyuta. Nimekaa kitandani upande wangu. Upande wake sikai.

Mama Beauty alikuja na mwavuli. Akasimama nje ya mulango kwa heshima, maana ni mukwe wangu, akaongea akitazama mvua. Alisema, mwanangu, si uchukue biki uchore kwa mukono? Mishale kumi na minne tu.

Kwa mukono! Nilimuuliza kama Colette alikuwa mutu wa kuandikwa na biki kama bei ya unga. Nilijuta palepale, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Halafu akauliza polepole kama anaweza kuwafundisha waimbaji ule mwito kwa mudomo, siku zinakwenda. Nikasema hapana, wangoje karatasi, wasije wakajifunza vibaya. Akasema sawa. Aliondoka, akasahau mwavuli. Hakurudi kuuchukua, na mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 26 Februari

Hila kubwa kuliko zote. Bado hakuna jua, kwa hiyo nimeachana na kompyuta. Nilikuwa na nakala moja iliyochapwa zamani, yenye mistari bila vichwa. Nikachukua utepe mweusi wa fundi wa umeme, nikakata kwa makasi vichwa vidogo kumi na vinne. Pembe tatu safi. Nikavibandika kimoja kimoja kwa ncha ya sindano ya nyavu. Pua karibu kugusa karatasi. Saa tatu nzima! Hii si biki. Hii ni kazi ya fundi.

Nikaenda Kashikishi kwa Chisala, mwenye duka la fotokopi, mwanaume mupole asiyejua kukataa. Nikamuomba nakala kumi na tano. Mashine yake ilikuwa ya moto, imefanya kazi tangu asubuhi, maana wavuvi wote wanataka nakala za leseni kabla ya Jumapili. Alifunika karatasi yangu, akabonyeza. Ya kwanza ilitoka vizuri. Nusura nimukumbatie. Ya pili ikatoka nyeusi upande. Kumbe utepe umeyeyuka. Chisala akatoa karatasi yangu, ikatoka bila kichwa ata kimoja, na ile nakala nzuri akaikanyaga katika haraka yake.

Nikasema nitarudi kesho. Sikumuambia vichwa vilikuwa wapi. Sikuwaza.

Ijumaa, 27 Februari

Vilikuwa kwenye kioo cha mashine.

Jana baada yangu Chisala alitoa nakala za leseni mpaka jioni bila kuangalia. Kila leseni ina mishale yangu kumi na minne. Mumoja juu ya jina la mwenye mutumbwi, mumoja ndani ya jicho la picha, mingine inaelekeza kwenye muhuri. Asubuhi wavuvi walizipeleka ofisini, zikakataliwa zote. Wakarudi kwa Chisala. Chisala, yule mupole, akawaleta kwangu! Waliuliza mimi ni mutu wa namna gani. Mumoja alisema angalau mishale ingeonyesha samaki walipo. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimetumia siku nzima nikikwangua kioo kwa ukucha na mafuta ya taa. Mazoezi ya mwisho yamepita bila mimi. Nilituma neno kwa Mama Beauty kwamba karatasi zinakuja, mutu asiimbe kabla.

Jua limetoka saa tisa. Nimevirudisha vichwa kwenye kompyuta vyote kumi na vinne. Jina langu nimeliacha dogo. Nimejifunza unyenyekevu. Chisala amekubali kuchapa kesho saa mbili asubuhi. Kaburini ni saa nne. Nafasi ni kubwa mno.

Jumamosi, 28 Februari

Nilifika kwa Chisala saa mbili kamili, nimevaa koti la harusi. Foleni ilitoka mulangoni mpaka barabarani. Wavuvi wote, wamerudi kutoa nakala za leseni upya. Nikaomba nipite, nina matanga ya bibi yangu. Walinitazama. Wakasema pole sana, Mwalimu, na hakuna aliyesogea ata muguu. Mimi mwenyewe ndiye niliwaweka katika foleni ile.

Saa tano na nusu nilipata karatasi. Safi! Vichwa vyote mahali pake! Nikakimbia na bahasha chini ya koti.

Nilikuwa katika shamba la muhogo, bado mbali na makaburi, niliposikia Colette anaita.

Ninaandika kama ilivyokuwa. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikapinda. Nilikaa chini kwenye matope na koti langu, na kwa muda nilifikiri, amerudi, ameona mutumbwi, nisimame niende kumubebea beseni. Halafu sauti ikashuka, ikatua, na ilikuwa sauti nyingi.

Nilipofika, musalaba ulikuwa umekwisha kusimama. Wanawake wa alto waliianzisha sauti ile, soprano wakaipokea, bila karatasi, macho yamefungwa. Mama Beauty alikuwa mbele. Kumbe juma lote, pale kwenye nyavu, walikuwa wanajifunza! Kingsley hakuongoza. Alisimama nyuma kabisa, kofia mukononi, machozi yanashuka bila kuyafuta. Na mimi nililia. Nililia kama mutoto, mbele ya watu wote, bahasha imekumbatiwa. Mama Beauty alisahau mambo ya ukwe akanishika mabega.

Baada ya maombi niligawa karatasi. Walizipokea kwa mikono miwili, wakasema aksanti. Mvua ikaanza, wakajifunika nazo nywele. Kingsley peke yake aliisoma yake mpaka mwisho. Alisema vichwa vimechorwa vizuri. Sijui kama alikuwa ananicheka.

Jambo moja niliseme. Kwenye kipimo cha kumi na mbili walikosea. Sauti ilitua chini kuliko mushale wangu. Nilisikia wazi.

Jumapili, 1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Ufukoni kelele, injini, nyavu, watu wanaagana. Waimbaji wangu wote wameondoka kabla ya ibada. Kijiji kimebaki cha wazee na mbuzi.

Mama Beauty amekwenda Chisenga kuwapikia wanawe, harudi mpaka Desemba. Nilimusindikiza, nikamurudishia mwavuli. Nilikuwa na kompyuta pia, kwa sababu nimefikiri sana na nimeelewa. Ule mwito wa jana haukuwa makosa ya wanawake. Ni kichwa cha kipimo cha kumi na mbili, hakikuinama vya kutosha. Kosa dogo tu.

Mama Beauty alikaa kwenye boti, akaniita. Alisema, Fabien mwanangu, injini bado haijawashwa, nikuimbie mara moja, polepole, wewe peke yako, ujue inatua wapi. Nikafurahi kweli. Nikamuambia angoje kidogo, nakipindisha kichwa hiki kwanza, halafu nisikilize nikilinganisha. Nilikaa juu ya ndoo, kompyuta juu ya magoti. Kwenye jua kioo hakionekani vizuri. Nilisogeza kushoto, kulia, chini kidogo, tena chini.

Kikakaa. Nikainua uso kumuambia sasa, imba.

Boti ilikuwa imepita matete, iko mbali, mwavuli wake nauona mudogo kama kifungo. Niliita. Niliita kwa nguvu zangu zote, mara tatu. Hakuna boti iliyogeuka.

Lakini kichwa kimekaa vizuri sana. Kesho kipimo cha kumi na tatu.