Roshani ya Kumpokea Dada Gaudiose

Jumatano, 11 Julai 1990

Dereva wa basi la Bujumbura kapita duka la dobi ninakofanya kazi, na salamu. Dada Gaudiose anakuja Ijumaa! Dada yangu aliyenilea tangu wazazi walipofariki, na hajawahi kukanyaga Kigali. Furaha! Halafu hofu. Nilipokwenda kumwona mwaka jana nilimwambia nina roshani kama za hoteli za kule ziwani. Nikasema jioni najinyoosha nje, mji mzima uko miguuni pangu.

Ukweli ni kwamba roshani ipo. Napanga ghorofani, hapa mtaa wa Gitega, Kigali, juu ya duka la sabuni. Inamtosha mtu mmoja, asijitikise. Ina gunia la makaa, karai lililotoboka na fagio. Miguuni pangu hakuna mji. Kuna akina mama wanaouza nyanya.

Jirani yangu Mzee Kabera, dereva mstaafu, ana roshani kama hiyohiyo. Kati yetu kuna ukuta wa kufika kiunoni. Kaweka benchi la mbao na maua kwenye makopo ya maziwa ya unga. Benchi! Makopo! Na bado kila anayepanda ngazi zetu hukaa kwake. Sijapata kuelewa.

Nimeamua. Dada atakuta roshani ya kueleweka.

Alhamisi, 12 Julai

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema tumbo. Nikaenda kwa fundi Zephaniah, yule aliyekulia Karagwe. Alikuwa na kochi refu la kujilaza, mteja wake kalikataa. Sikuuliza kwa nini. Zephaniah akauliza vipimo vya roshani. Nilikuwa nimeipima kwa mkanda wa suruali, nikampa mkanda. Akauliza nilipima hadi tundu lipi. Nikamwambia lile la siku za kawaida.

Kochi halikupita ngazini. Tulilivuta kwa kamba kutoka barabarani, akina mama wa nyanya wakipiga vigelegele utadhani bibi harusi anapandishwa. Liliingia! Limejaa ukuta hadi ukuta, kama jino kwenye ufizi.

Kasoro moja. Mlango wangu unafungukia nje. Sasa haufunguki kabisa. Zephaniah alisema yeye ni fundi wa makochi, milango haimhusu, akaondoka na kamba yake.

Mzee Kabera akaruka ukuta, na umri wake wote ule, akafungua bawaba kutoka nje. Mlango sasa umeegemea kabati. Mahali pake nimetundika shuka. Nilimshukuru kwa kifupi. Sikupenda alivyokuwa anacheka.

Makaa nimeyasukuma chini ya kitanda. Kitandani atalala Dada.

Ijumaa, 13 Julai

Kafika! Amekonda kidogo, lakini sauti ni ileile. Kaniletea ndagara, wale dagaa wakavu wa ziwani, na mawese. Alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote wa stendi. Nina miaka thelathini na sita. Niliona haya. Nilipenda pia.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, akitaka kuona roshani. Nikamzuia. Nikamwambia bado, ni zawadi, na zawadi haichunguliwi. Kwa kweli nilikuwa nimeligundua tatizo jipya: kochi lina rangi ya jeneza. Lazima lipakwe kijani.

Akakaa kitandani, mikono mapajani. Akasema, “Eustache, kuna neno limenileta.” Nikamwambia maneno mazuri hayazungumzwi chumbani, yasubiri kesho, tutakaa nje na chai kama watu. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akakohoa. Vumbi la makaa.

Jumamosi, 14 Julai

Rangi ya mafuta. Nilianza alfajiri, nikamaliza mapema, kochi likang’aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Ila hakuna mvua. Ni kiangazi, na barabara yetu haina lami. Likapita lori moja. Likapita la pili. Kufikia mchana kochi lilikuwa limeota manyoya mekundu.

Nikakaa kidogo kupima kama limekauka. Halijakauka. Suruali yangu nzuri imebaki na kochi. Mimi nilirudi ndani bila suruali, kwa kinyumenyume, shuka likinisitiri.

Dada hakucheka. Alisema chumba kina joto na makaa yanamkaba kifua, anataka hewa kidogo tu. Nikamwambia avumilie, nakwangua, napaka upya. Baada ya muda nikasikia kicheko chake upande wa pili wa ukuta. Nikachungulia. Kakaa kwenye benchi la Kabera! Kashika kikombe cha chai ya maziwa, miguu kainyoosha, anasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Kabera anasikiliza.

Nilikwangua kwa nguvu sana.

Jumapili, 15 Julai

Baada ya misa nilirudi mbio, nikamwacha Dada nyuma. Nimegundua siri ya Kabera ni maua. Basi na mimi nimenunua vyungu, si makopo, vyungu vya udongo vyenye nakshi, nikavipanga juu ya ukingo wa roshani. Ukisimama barabarani unaona ukumbi wa balozi.

Dada aliingia, akavua kitambaa cha kichwa, akasema safari hii bila kukaa: “Mdogo wangu, kesho asubuhi narudi. Nisikilize sasa.”

Nikasema ndiyo, Dada, naam, nasogeza tu chungu kimoja kikae sawa na vingine. Nikakisogeza.

Kilianguka katikati ya nyanya. Mungu ni mwema, hakikumpata mtu. Lakini nyanya zililia, na mwenye nyanya alilia zaidi. Aliita majina yangu yote na mengine ambayo sikuyajua. Ilibidi nishuke. Nikaomba radhi, nikachambua nyanya zilizopona, nikafuta zile zilizochafuka tu, nikaomba radhi tena. Jua likaelekea kuzama nikiwa nimechuchumaa barabarani. Niliponyanyua macho nikawaona Dada na Kabera juu, wamesimama pembeni ya ukuta. Dada alikuwa anamwambia jambo polepole. Kabera alikuwa kavua kofia.

Nilijiuliza kwa nini kavua kofia. Kisha nikaona chungu kingine kimekaa vibaya.

Jumatatu, 16 Julai

Leo sina hamu ya kuandika.

Asubuhi nilivuta shuka. Roshani tayari! Kochi kijani, kavu, vyungu vimenyooka. Nikamwambia Dada aketi. Alitazama saa, akasema basi lake linakaribia kuondoka. Aliweka kiganja kwenye mkono wa kochi, akakipitisha taratibu, akasema ni zuri sana, nimefanya kazi kubwa. Nikamwuliza ni neno gani lililomleta. Akasema, “Limeshapata mahali pa kukaa, usijali.” Akanishika uso tena. Stendi akapanda basi, akapunga mkono mpaka kona.

Niliporudi nilimkuta Kabera ngazini, ananisubiri. Akaniambia, “Dada yako anaolewa, Eustache.”

Nikacheka. Dada ana miaka hamsini na kitu.

Hakucheka. Ni mwoka mikate wa Buyenzi, mtaani kwa Dada kule Bujumbura, aliyefiwa na mkewe, anaitwa Nduwayo, mtu mpole. Jumamosi tarehe ishirini na nane analeta mahari. Hatuna baba, hatuna baba mdogo. Dada alikuja kuniomba nisimame upande wa ukoo, nipokee wageni, nijibu maneno yao. Alijaribu kila siku. Jana akachoka, akamwomba Kabera.

“Sikumkubalia mara moja,” Kabera akasema. “Nilimwambia nina aibu, ndugu yupo pale chini. Akasema, mwache, ana kazi.”

Nilikuwa nafuta nyanya.

Jumanne, 17 Julai

Nimekaa kwenye kochi. Ndiyo mara ya kwanza kukaa kweli. Linauma mgongo.

Nakumbuka tulipokuwa Buyenzi, Dada akikaanga maandazi kabla ya jogoo ili niende shule na viatu. Wanaume walikuja kumposa. Wawili ninawakumbuka, mmoja alikuwa na baiskeli. Aliwaambia wasubiri mdogo wake akue kwanza. Wakasubiri, wakachoka, wakaoa kwingine. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Nilidhani hapendi kuolewa. Mtoto hudhani hivyo. Nilikuja kuwa mtu mzima, na nikaendelea kudhani hivyo kwa sababu iliniwia rahisi.

Maisha yake yote amesubiri kwa ajili yangu. Anakuja, na mimi namwambia asubiri tena, rangi ikauke.

Kabera alinipitishia chai juu ya ukuta. Nikainywa.

Alhamisi, 19 Julai

Nimempa dereva wa basi ujumbe wa mdomo. Amwambie Dada kwamba nimekosa, nina aibu, na sistahili. Dereva akasema ujumbe ni mrefu, atasema nimekosa tu. Nikakubali. Ndiyo yenyewe.

Jumatatu, 23 Julai

Jibu limekuja! Dereva kalisema mbele ya wateja wote, kwa sauti ya Dada kabisa: “Mwambie huyo mtoto aache ujinga. Aje. Yeye ndiye atakayesimama na kusema, Kabera atakaa pembeni yake. Bila yeye sikubali mtu anitoe.”

Nililia dukani, nikiwa nimeshika mashati ya watu. Mwenye duka akaniuliza kama ni tumbo tena.

Nimebadilika. Naandika hapa ili nijisute siku nikisahau: mtu kwanza, vitu baadaye. Kabera ananifundisha maneno ya kuwajibu wakwe. Anasema nayashika vizuri. Jioni tunafanya mazoezi kwenye benchi lake, yeye ni upande wa Nduwayo, mimi ukoo. Nimekataa kumtoa binti mara tatu, kwa mbwembwe. Tulicheka mpaka akina mama wa nyanya wakauliza.

Ijumaa, 27 Julai

Kabera kaondoka alfajiri na basi, koti kalipiga pasi, kofia mpya. Tulipaswa kwenda pamoja. Nimemwambia atangulie.

Sababu ni nzuri. Jana jioni nilikuwa nimekaa nje, nikirudia maneno ya kesho, jua la magharibi likanichoma usoni. Nikawaza: Dada akija na mumewe hapa, watakaa juani? Mtu na mume wake mpya? Haiwezekani. Roshani inahitaji kivuli cha matete, kilichosukwa vizuri, chenye pindo. Nimempata fundi wa matete kule mtaa wa Kagugu, hodari, kila mtu anamsifu. Ana nafasi kesho asubuhi tu, baada ya hapo hadi Septemba. Ningefanyaje?

Sio uzembe. Ni kwa ajili yake. Fundi atafunga matete asubuhi, mimi nipande basi la mchana, jioni niko Buyenzi, wageni bado wanakunywa. Nitasimama, nitasema yote. Nayajua kwa moyo.

Kabera alisema mlangoni kwamba hakuna basi la mchana la Bujumbura, halijawahi kuwapo, kwani mpaka wa Burundi hufungwa jioni.

Mzee wa watu ana wasiwasi sana.