Penseli Shingoni mwa Gitaa la Kwaya

Leo nimevuliwa nguo kanisani. Suti nilikuwa nayo mwilini, vifungo vyote nimefunga, na tai juu. Lakini nguo nimevuliwa.

Nimetoka huko moja kwa moja mpaka mjini, kwenye duka la intaneti, nipumulie hapa. Deus, wewe ndiye pekee mwenye anwani ya kompyuta hapo chuoni, kwa hiyo chapa barua hii uwape Kulwa na Sospeter. Wasome kimya kimya. (Najua hawataweza.)

Mnamkumbuka yule fundi wa Kizungu aliyeletwa kufunga mashine za kugandisha minofu ya samaki kiwandani kwetu Nyakato, mimi nikawa msaidizi wake wa umeme? Ndiye aliyeniharibu. Mchana tulivuta nyaya, jioni alinisikilizisha kanda za hevi meto. Huo ni muziki ambao nyuzi za gitaa zinalegezwa mpaka gitaa linanguruma, na mwimbaji haimbi, anakoroma. Siku ya kwanza nilidhani redio yake ni mbovu, nikachukua bisibisi niitengeneze. Mwezi wa tatu nilikuwa namwomba kanda niende nazo nyumbani. Miaka miwili nimeificha siri hiyo, maana Nyakato nzima inanijua kama Yona, mpiga gitaa la solo kwenye kwaya, kijana mpole.

Sasa fundi amemaliza kazi. Kesho Jumatatu anapanda ndege kurudi kwao, na anauza magitaa yake mawili. Kwaya yetu inalo moja tu, limegundishwa mara nne na bado linapasuka. Kamati ikachanga, ikanituma Jumatano nikachague. Mwenyekiti, Mzee Magesa, mtu wa Musoma ambaye kila L kwake ni R, asiyecheka na mtu, akaniambia mbele ya wote, "Yona, tunakuamini. Chagua ra kwaya."

Sharti lilikuwa moja. Jumapili, yaani leo, kanisa zima lilisikie gitaa. Likipendeza, linabaki. Lisipopendeza, linarudi kwa fundi leo hii hii, tunachukua lile jingine.

Nikapanda kilima cha Isamilo kwa fundi. Magitaa yalikuwa kitandani, yamelala pamoja. La kwanza la kahawia, mviringo, shingo fupi, nyuzi nyembamba, gitaa lenye adabu zake. La pili jeusi, shingo ndefu, na kiwiliwili chake kina ncha mbili kali kama pembe za mbuzi. Moyo ukaruka.

"Mnaimba namna gani?" fundi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kiwandani.

"Nzito," nikasema. (Sijui nani alinijibia.)

"Nzito? Kanisani?"

"Sana tu."

"Kanisa zuri," akasema, na alisema kwa heshima kabisa.

Akanifundisha. Ukitaka kushusha sauti chini, chukua shingo ndefu, kwa sababu shingo fupi ukiilegeza nyuzi zinalala kama tambi zilizoiva, ukizigusa zinagonga chuma tu. Shingo ndefu inazikaza hata zikiwa chini. Na nyuzi ziwe nene. Akatoa pakiti tatu: nyembamba, za kati, na nene ambazo ule uzi wa chini kabisa ungeweza kufunga klachi ya pikipiki. Mtu mwenye hofu ya Mungu angechukua za kati. Nikabeba jeusi na pakiti nene. Zile nyembamba akaniongeza bure.

Nyuzi zile zilikataa kukaa. Juu ya shingo kuna kipande cha mfupa chenye vijia vya kupitishia nyuzi, na vijia vilikuwa vyembamba. Alhamisi nikavipanua kwa tupa ya kiwandani. Nikafunga nyuzi, nikazilegeza chini ya kawaida kwa hatua nne, nikawasha amplifaya. Jamani! Vikombe vya mama vilicheza kabatini. Kuku wa jirani hawajarudi mpaka leo. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Siku mbili hizo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mwanza.

Jumamosi kwenye mazoezi nilikwenda na gitaa la zamani. Nikawaambia jipya haliwezi kupigwa kabla halijaombewa. (Mwalimu Masanja, mwalimu wetu wa kwaya, alinisifu kwa imani yangu. Mungu anisamehe.)

Baada ya mazoezi ndipo nikajaribu kulirudisha kwenye sauti ya kwaya. Nikakaza. Nikakaza tena. Shingo ikaanza kulia kwiiii, ikajikunja mbele ya macho yangu. Nyuzi nene kuzipandisha vile ni kulivunja gitaa. Nikalegeza haraka. Nikafunga zile nyembamba, na zenyewe zikawa zinachezacheza kwenye vile vijia nilivyovipanua, chechecheche, kama sahani za bati. Nikarudisha zile nene.

Leo asubuhi nikawahi kanisani kabla ya watu. Nilihitaji kitu kigumu na kinyoofu cha kukandamiza nyuzi zote kwenye chuma cha nne kati ya vile vinavyokata shingo, ili sauti ipande zile hatua nne. Nikajaribu mpini wa kijiko, umepinda. Nikajaribu kijiti cha ufagio, laini. Juu ya daftari la mahudhurio kulikuwa na penseli, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Nikailaza juu ya nyuzi, nikaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, nikapiga. Sauti ya kwaya, safi kabisa! Nikafunika kwa leso nyeupe. Kila aliyeingia aliiona leso akatikisa kichwa kwa kuridhika. (Mama mmoja aliniambia gitaa limevaa kama bibi harusi.)

Kabla hamjafika mbele, lazima mjue sheria ya Mwalimu Masanja. Zamani kwaya yetu iliwahi kuaibika Kisesa kwenye mashindano, gitaa likiwa huku na waimbaji kule. Tangu hapo anatufundisha kwa fimbo mkononi: "Gitaa ndilo baba mwenye nyumba. Likihama, mnahama! Hakuna kubaki nyuma na vyombo!" Miaka sita wameimbishwa hivyo. Ukimgusa mwanakwaya wetu usingizini kwa noti yoyote, ataifuata.

Ibada ikaanza. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Mzee Magesa amekaa benchi la mbele na kamati yake, anazitazama zile ncha mbili.

"Hiri gitaa mbona rina pembe?" akamuuliza mwenzake, akidhani ananong'ona.

Mchungaji akaliombea. Mwalimu akainua fimbo. Nikaanza, na kwaya ikaingia. Lilikuwa linalia vizuri, wapendwa, sisemi uongo. Mama Pendo, kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye akiimba wanamsikia Ukerewe bila kupanda kivuko, alikuwa juu kabisa ya ubeti wa kwanza, macho amefumba, mikono angani. Mzee Magesa akaanza kuitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, gitaa limebaki. Limebaki! Nikapata kiburi, nikapiga kwa nguvu zaidi.

Ta!

Penseli ikakatika katikati. Leso ikaruka. Nyuzi zote sita zikaachiliwa kwa pamoja, na gitaa likashuka hatua nne kwa mngurumo uliotikisa sinia la sadaka.

Na kwaya ikahama.

Yote! Watu thelathini na wanne, katikati ya neno, walishuka pamoja bila mmoja kubaki nyuma na vyombo. Mama Pendo alifumbua macho akiwa anaimba sauti ya dereva wa lori. Alinitazama, lakini hakuacha kuimba. Sauti ya pili walikuwa wamezama kabisa, midomo inacheza tu.

Mwalimu Masanja alinitolea macho. Nikaweka kidole kwenye chuma cha nne, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, sauti ikapanda. Kwaya ikapanda nayo! Mama Pendo akainua mikono tena. Kidole kikauma, kikateleza, tukashuka wote mara ya pili. Mikono ya Mama Pendo ikashuka polepole. Watoto wa Sunday School wakaanguka chini kwa kicheko. Sikuthubutu kupanda tena. Tukabaki huko chini, nikapiga nikitazama viatu vyangu, nikiomba ardhi ya Nyakato ipasuke.

Hapo ndipo niliposikia kitu kinakuja kutoka mabenchi ya mbele. Kitu kizito. Nikainua macho. Mzee Magesa alikuwa amesimama, mdomo wazi, anaimba. Pembeni yake mzee mwingine akasimama. Na mwingine. Wazee wote wa mbele walikuwa wamesimama wananguruma ubeti wa tatu, mishipa imewatoka shingoni, na mabati yakaitikia. Nilisisimka mwili mzima. Ilikuwa sauti ya zile kanda, jamani, yenyewe kabisa.

Tulipomaliza, nusu ya penseli iliyokuwa imenasa kwenye mpira ikadondoka, ikabingirika sakafuni taratibu, ikasimama kwenye kiatu cha Mzee Magesa. Akaiokota, akampa Mwalimu. Mwalimu akaigeuza.

"Hii si penseli yangu ya mahudhurio?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Imefikaje shingoni mwa gitaa?"

Nikaeleza. Yote. Mbele ya madhabahu, na kipaza sauti hawakukizima. Nikaeleza shingo ndefu, nyuzi nene, tupa, na muziki wa watu wanaokoroma. Mama yangu alikuwa benchi la tano, alifunika uso kwa kitenge. Kuku pia niliwataja. (Hakuna aliyeniuliza habari za kuku.)

Mzee Magesa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Yona, uritumwa kuchagua ra nani?"

"La kwaya, mzee."

"Ukachagua ra nani?"

"La kwangu, mzee. Nisameheni."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikavua mkanda wa gitaa, nikalilaza chini kwa upole, maana nilijua linarudi Isamilo na sitalishika tena. Nikafuta macho kwa tai. Mtu mzima kulilia gitaa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee akawageukia waumini.

"Mimi niko kanisa hiri miaka arobaini. Kira wimbo mnauanzia juu ya mti, mimi nabaki chini nasubiri amina. Reo wimbo umeshuka mwenyewe, umenikuta." Akakohoa. "Gitaa ra sauti ya juu mtanunua siku nyingine, ra Mama Pendo. Hiri ra pembe haritoki hapa. Na huyu mwongo asibadirishe zire nyuzi!"

Mabenchi ya mbele yakapiga makofi. Mama Pendo naye akapiga, kwa vidole viwili.

Hapohapo ikaundwa Kwaya ya Wazee, na adhabu yangu ni kuwa mwalimu wao. Penseli ya Mwalimu Masanja nailipa mbili. Jumamosi saa tisa naanza mazoezi na wazee kumi na mmoja, na mdogo wao ana wajukuu wanane. Nimeshawapima sauti pale nje ya kanisa. Hakuna hata mmoja anayeimba. Wote wanakoroma.

Msicheke. Miaka miwili nimekuwa nikimwomba Mungu bendi ya hevi meto, umri sikuutaja.