Kamati Iliyotathmini Ushindi wa Mlingotini

Inatangazwa kwa umma, kwa wadau wote, na kwa wale ambao bado hawajapewa hadhi ya kuwa wadau, kwamba Mamlaka ya Ustawi wa Fukwe na Michezo imeunda Kamati Maalumu ya Kutathmini Utendaji wa Timu ya Raga ya Wanawake wa Mlingotini baada ya mechi yao na Lugoba.

Tangazo hilo lilibandikwa siku ya Jumatatu. Mechi yenyewe ilichezwa Jumamosi iliyofuata. Mamlaka haipendi kuchelewa.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Bwana Abdulswamad, mtu wa tathmini tangu ujana wake. Mwaka elfu mbili na tisa alitathmini kisima cha kina mama. Kisima hicho sasa kimo ndani ya ukuta wa mtu, na kimepakwa rangi. Miaka miwili baadaye akatathmini banda la kuuzia samaki. Leo pale ni maegesho ya magari, na samaki wanauzwa juani, ambako wanakauka bila gharama yoyote kwa serikali. Kila alipopita Bwana Abdulswamad na fomu yake, kitu kilichokuwa cha watu wengi kilipata mwenyewe mmoja. Yeye aliamini kwa moyo safi kabisa kwamba hiyo ndiyo maana ya utaratibu.

Safari hii kitu chenyewe kilikuwa kiwanja. Kiwanja cha Mlingotini kipo juu, pakavu, upepo unapiga na bahari unaiona yote. Asubuhi wanawake huanika mwani wao pale. Jioni huusogeza pembeni, wakasimamisha nguzo zao za mikoko na kucheza raga. Bila kiwanja hakuna mchezo, na bila pa kuanikia mwani hakuna unga. Lakini Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Bwana Sadallah, alikuwa amekipenda kwa ajili ya Nyumba ya Mapumziko ya Wageni wa Mamlaka. Wageni wa Mamlaka, kwa miaka kumi mfululizo, wamekuwa wakwe zake.

Sasa, hii ni nchi ya sheria. Huwezi kuwanyang'anya watu kiwanja hivihivi. Sharti kwanza wapatikane na utendaji duni. Timu ikipata chini ya alama hamsini kwa mia, kiwanja kinarudi kwa Mamlaka na timu inapewa eneo mbadala. Ripoti ilikuwa tayari, imechapwa, ina jalada. Ilibaki timu ifungwe tu.

Timu ikashinda. Ishirini na mbili kwa kumi, tena dhidi ya wanawake wa Lugoba, watu waliozoea kupasua kokoto.

Mtu mdogo angebabaika. Bwana Abdulswamad aliitisha kikao palepale kiwanjani, katikati ya harufu ya mwani. Kocha wa timu, Bi Mwanajuma, alikuwa amemzidi Mwenyekiti miaka mitatu, kwa hiyo ilimbidi Mwenyekiti amwamkie yeye, jambo ambalo kanuni za Kamati hazikuliona mapema.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba, Abdu. Naona koti ni lilelile la mwaka wa kisima."

"Naomba tuanze," akasema Bwana Abdulswamad, akilivuta koti lifunge tumbo.

Katibu wa Kamati, Farhan, kijana mfupi aliyeandika kila neno lililosemwa mbele yake hata mtu akipiga chafya, alifungua fomu. "Kipengele cha kwanza. Katika mechi hii mpira ulirudishwa nyuma mara mia moja themanini na saba."

"Mia moja themanini na saba," akarudia Mwenyekiti kwa huzuni. "Nchi inasonga mbele. Wilaya inasonga mbele. Nyinyi, mbele ya wageni, mnarudisha nyuma."

Nahodha Swaumu, mwanamke ambaye mabega yake yalibeba magunia ya mwani mbichi tangu usichana, akakohoa kidogo. "Mwenyekiti, raga ndivyo ilivyo. Ukimrushia aliye mbele yako refa anapuliza. Unampa wa nyuma, halafu wote mnakimbilia mbele."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Ya dunia nzima."

"Na hiyo dunia nzima imesajiliwa wapi?"

Swaumu hakujua. Sifuri.

"Kipengele cha pili," akasoma Farhan. "Skramu. Watu kumi na sita waliinama hadharani, wakakumbatiana na kusukumana."

"Mlikuwa mnagombea nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Mpira."

"Watu wazima kumi na sita, mpira mmoja. Hamkuweza kuunda kamati ndogo?"

Nyuma mtu alicheka ndani ya kanga. Sifuri nyingine.

"Kipengele cha tatu. Matokeo. Makisio ya Kamati yalikuwa timu ifungwe kwa tofauti ya alama thelathini. Timu imeshinda kwa kumi na mbili. Huo ni mkengeuko wa alama arobaini na mbili kutoka kwenye mpango."

"Ngoja kwanza," akasema Bi Mwanajuma. "Kwa hiyo tungefungwa tungefaulu?"

"Mngefungwa mngefeli," akafafanua Bwana Abdulswamad kwa subira, "lakini mngefeli kwa utaratibu."

Jumla ilikuwa thelathini na moja kwa mia. Swaumu aliuliza hizo thelathini na moja zimetoka wapi, akajibiwa ni za usafi.

Kisha Mwenyekiti akatangaza eneo mbadala: lile jangwa lililo nyuma ya mikoko. Tambarare, jeupe, halina hata kisiki. Kamati imelikagua na kulikuta kavu mwaka mzima. Ameweka saini yake mwenyewe.

"Mlilikagua siku ngapi?" akauliza Bi Mwanajuma.

"Asubuhi moja. Tarehe mosi."

"Maji mafu hayo, Abdu. Bahari ilikuwa imelala. Nenda mwezi ukijaa, siku za bamvua, uone maji yanavyopanda. Hata kaa wa pale wanalijua hilo."

"Bi Mwanajuma, wadau wote walitangaziwa walete pingamizi. Bahari haikuleta." Akafunga jalada. "Makabidhiano yatafanyika hukohuko, tarehe ishirini na mbili, saa tisa alasiri."

Bi Mwanajuma akahesabu kwa pingili za vidole, kama wahesabuvyo wanawake wote wa mwani, ambao hawaendi shambani kwa kalenda ya ukutani. Akafika, akatabasamu. "Mwezi kumi na tano. Saa tisa. Haya, tutakuja. Wewe vaa kandambili."

Alikuja na viatu vya ngozi.

Meza ilipangwa katikati ya jangwa, ikafunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake chupa za maji ya kunywa. Wanawake walisimama mbali, juu ya tuta la njia.

"Mbona mmejitenga?" akaita Bwana Abdulswamad kwa kipaza sauti.

"Tunakuona vizuri huku!" akajibu Bi Mwanajuma.

Akaanza kusoma ripoti, kurasa kumi na moja. Alipofika ukurasa wa tatu, maji yalitokeza kwenye mikoko, bila kelele, kama mgeni aliyewakuta watu wanaswali.

"Mwenyekiti," Farhan akanong'ona. "Maji."

"Yaweke kwenye mengineyo."

Ukurasa wa tano, maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Bwana Abdulswamad aliyaona, hakuwa kipofu. Lakini wakati huo alikuwa akisoma sentensi isemayo eneo ni kavu mwaka mzima, na mtu mwenye heshima zake haachi sentensi katikati. Ukurasa wa saba, kiti cha Katibu kiliondoka chenyewe kikaelekea upande wa kijiji cha Zinga.

Kikao kiliahirishwa kwa miguu. Farhan alitoka na meza kichwani. Mwenyekiti alitoka na kiatu kimoja mkononi. Cha pili kilibaki topeni, na hakuna aliyejitolea kukifuata.

"Pole, Abdu," akasema Bi Mwanajuma, akampa kanga ajifute. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Sasa ofisini utaandika nini?"

Hilo lilikuwa swali zito. Akiandika panajaa maji, basi saini yake ya tarehe mosi ilikuwa ya uongo. Akiandika hapajai, Swaumu pale tutani alikuwa na simu mkononi, na simu ilikuwa na picha, na katika picha Mwenyekiti alikuwa amekunja suruali hadi magotini.

"Andika ni pazuri mno," Bi Mwanajuma akamsaidia. "Pazuri kupita hadhi yetu. Sisi wa mwani utuache kulekule na harufu yetu."

Katika miaka yote ya kazi yake, Bwana Abdulswamad hakuwahi kupewa sentensi iliyonyooka kiserikali namna ile, tena na mwananchi. Akaiandika usiku huohuo, neno kwa neno.

Mkurugenzi Mkuu aliisoma ripoti kama wakubwa wasomavyo, mstari wa kwanza na wa mwisho. Pazuri mno kupita hadhi ya timu! Akaagiza Nyumba ya Mapumziko ijengwe jangwani. Wanawake wabaki kiwanjani kwa muda tu, huku tathmini ikiendelea, maana mkubwa akipata kimoja hakiachi kingine. Mara mbili Bwana Abdulswamad alikwenda ofisini kwake kumwambia neno. Mara zote mbili alioneshwa saini yake mwenyewe, akapongezwa, akarudi nyumbani bila kulisema.

Nyumba ikasimama, mafundi wakijenga siku za maji mafu na kupumzika siku za bamvua. Mkandarasi alichota mchanga wa kujengea palepale mbele ya baraza, akaacha shimo ambalo michoro ililiita bustani. Uzinduzi ukapangwa Jumamosi moja saa kumi alasiri, kwa kuwa wakwe walikuwa na nafasi. Wanawake wa Mlingotini waliona magari yakishuka. Bi Mwanajuma akahesabu pingili zake, akasema mazoezi ya leo yaanze mapema.

Saa kumi na robo pilau ilikuwa imepakuliwa. Saa kumi na nusu wakwe walikuwa wamesimama juu ya meza, kila mmoja na sahani yake, na bustani ilikuwa na kina cha kiuno. Bwana Abdulswamad alikuwa ameikumbatia nguzo ya baraza. Farhan alisimama majini, daftari kichwani, maji yakimfika kifuani.

Timu ilishuka kutoka kiwanjani ikiwa imevaa jezi, ikaingia majini kama watu waingiavyo shambani kwao.

"Nani kwanza?" akauliza Swaumu.

"Kwa mujibu wa itifaki," akasema Bwana Sadallah, "mimi."

"Sadallah, unaniacha hapa?" akalia mama mkwe wake, kikongwe mwenye dhahabu hadi viwikoni.

"Mama, ni itifaki."

Swaumu akainama, akampakia mgongoni.

"Polepole, binti. Mimi ni Mkurugenzi Mkuu."

"Gunia la mwani mbichi ni zito kuliko wewe, mheshimiwa, na halijitambulishi."

Katikati ya bustani akasimama.

"Mbona umesimama?"

"Nafanya tathmini. Kile kiwanja cha juu, mheshimiwa, ni cha nani?"

"Suala hilo lipo katika mchakato."

Swaumu akalegeza mkono mmoja. Viatu vya Mkurugenzi vikagusa maji, kisha soksi.

"Ni chenu," akasema Bwana Sadallah.

"Wenzangu hawasikii."

"Kiwanja ni chenu! Chenu moja kwa moja! Na tathmini imekwisha!"

"Katibu," akaita Bi Mwanajuma kutoka tutani, "umeandika?"

"Nimeandika," akajibu Farhan, ambaye kwa kweli alikuwa ameandika, daftari akiliegemeza kwenye paji la uso. "Lakini azimio halipiti bila wa kuliunga mkono."

Bwana Abdulswamad aliutazama mgongo wa Swaumu, akamtazama bwana mkubwa aliye juu yake, akaiachia nguzo kwa mkono mmoja na kuunyoosha. Juu ya meza za karamu wakwe wote wakanyoosha ya kwao, na mama mkwe akaweka chini sahani ya pilau, akanyoosha yote miwili.